Jiwe jeusi la moto, jiwe jeupe la maji

Mezani kwangu kuna mawe mawili. La kwanza ni jeusi tititi, linang'aa kama kipande cha chupa, na ukingo wake ni mkali kiasi kwamba nalifunga kwa kitambaa kila ninapolihamisha. La pili ni jeupe, jepesi kama mkate uliokauka, na ukiligusa tu linakuachia unga vidoleni. Huwa nampa mgeni ayashike, moja kila mkono, halafu namuuliza kama anaona udugu wowote kati yake. Mpaka leo sijapata aliyeuona. Lakini udugu upo, tena wa karibu sana: yote mawili yameundwa kwa silika, kitu kilekile kinachotawala katika mchanga wa mtoni na kioo cha dirisha, na yote mawili yametoka katika kipande kimoja cha Bonde la Ufa ambacho unaweza kukivuka kwa gari asubuhi moja.

Jeusi ni obsidiani, kioo kilichotengenezwa na volkano. Jeupe ni diatomaiti, mwamba tabaka uliolala chini ya ziwa ambalo halipo tena. Mahali pazuri pa kuyaona pamoja ni Kariandusi, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, ukishaipita Gilgil, upande wa Ziwa Elementaita. Hapo mgodi wa diatomaiti na kituo cha mambo ya kale ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Mwaka 1928 msafara wa Louis Leakey, mtafiti wa binadamu wa kale, ulikuta hapo zana za mawe za binadamu wa kale, na miongoni mwake yamo mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa obsidiani. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Kwa hiyo kuna wakati mtu alisimama kwenye kingo za ziwa lililokuwa likitengeneza jiwe jeupe, mkononi akiwa na jiwe jeusi. (Kipande changu cha obsidiani hakikutoka kituoni. Vya kale vya pale haviguswi, na sheria inavilinda.)

Shuleni tulifundishwa mafungu matatu: miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geu. Obsidiani ukaiweka fungu la kwanza, diatomaiti fungu la pili, mtihani ukaisha. Mgawanyo huo ni wa kweli na una kazi yake. Tatizo ni kwamba unamfanya mwanafunzi aamini kuwa mawe ya mafungu tofauti hayajuani. Ukifuata asili ya mawe haya mawili hatua kwa hatua, unakuta kwamba yameachana njiani tu, na kwamba katika jambo moja kubwa yamefika mahali pamoja bila kupitia njia moja.

Tuanze na silika yenyewe, maana bila hiyo mengine yote yatabaki maneno matupu. Fikiria jiko la mafiga matatu, chungu kikiwa juu na moto katikati. Mafiga matatu na chungu ni atomu nne za oksijeni. Moto ulio katikati ni atomu moja ya silikoni. Hicho ndicho kitofali cha silika. Kila figa, na chungu pia, linatumiwa na jiko la jirani: oksijeni moja inashikwa na silikoni mbili, huku na huku, mpaka majiko mabilioni yanakuwa mtandao mmoja mgumu. Majiko hayo yakipangwa kwa mpangilio unaojirudia bila kukosea, upande huu na upande ule, unapata fuwele, na jina la fuwele hiyo ni kwatzi. Mchanga wa mtoni sehemu kubwa ni kwatzi. Yakishikana yote lakini bila mpangilio, kila jiko limegeukia upande wake kama nyumba za mtaa uliojengwa bila ramani, unapata silika isiyo na fuwele.

Na mawe yangu yote mawili, jeusi na jeupe, ni silika isiyo na fuwele. Hapo ndipo fumbo lilipo. Moja limetoka kwenye moto wa nyuzi mia kadhaa, jingine limetoka kwenye maji ambayo mtu angeweza kuoga. Imekuwaje yote mawili yakose mpangilio?

Moto unaogoma kutulia

Bonde la Ufa ni mahali ambapo ngozi ya dunia inavutwa pande mbili na kukonda. Mwamba wenye joto kali ulioko chini sana, ukipunguziwa uzito wa juu, unaanza kuyeyuka sehemu yake, na unachopata kwanza ni magma ya basalti: nyeusi, yenye chuma na magnesi nyingi, na silika ya wastani, kama nusu ya uzito wake. Obsidiani haitokani na magma hiyo moja kwa moja. Inahitaji magma iliyojaa silika, asilimia 70 na zaidi.

Silika inaongezekaje? Njia mojawapo ni hii. Magma ikikwama chini ya ardhi na kuanza kupoa polepole, fuwele za kwanza kuota ni zile zinazokula chuma na magnesi. Zikiota, zinatengana na uji uliobaki. Ni kama mtu anayechagua maharage kwenye sufuria ya makande: kila akitoa maharage, mahindi yanazidi kutawala, ingawa hakuna hata punje moja ya mahindi iliyoongezwa. Njia ya pili ni joto la basalti kuyeyusha miamba ya juu yake, nayo hiyo miamba huwa na silika nyingi zaidi. Mara nyingi njia zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Matokeo ni magma inayoitwa rayolaiti. Milima na vilima vya Eburru na Olkaria, vinavyouzunguka upande wa magharibi na kusini wa Ziwa Naivasha, vimejaa miamba ya jamii hiyo, na humo ndimo obsidiani inamopatikana.

Sasa tunafika kwenye kosa ambalo nimelisoma mara nyingi, hata katika vitabu vya watoto: kwamba obsidiani ni lava iliyopoa ghafla, labda kwa kumwagikia majini. Kupoa haraka kunasaidia, sikatai. Lakini basalti ikimwagikia baharini, ambako inapoa haraka kuliko kitu chochote, inapata ganda jembamba tu la kioo kwa nje; ndani yake inajaa fuwele. Mtiririko wa rayolaiti, kwa upande mwingine, unaweza kuwa na kioo chenye unene wa meta nyingi, na unene kama huo hauwezi kupoa kwa dakika wala kwa siku. Chile walishuhudia jambo hili kwa macho. Volkano ya Cordón Caulle ililipuka Juni 2011, na mtiririko wake wa obsidiani uliendelea kusogea taratibu kwa miezi mingi hata baada ya mlipuko wenyewe kwisha. Chini ya ganda lililopoa, kioo kilikuwa bado kinatembea.

Kwa hiyo sababu kuu ni mnato. Basalti iliyoyeyuka inatiririka kama uji mwepesi. Rayolaiti ni kama ugali unaokaribia kuiva, ule unaomtoa jasho mwenye mwiko. Uzito huo unatokana na yale majiko ya mafiga: katika magma yenye silika nyingi, majiko yameanza kushikana hata kabla ya kupoa, minyororo kwa minyororo. Ili fuwele iote, atomu zinatakiwa ziachane, zisogee, zitafute nafasi zake na kupanga safu. Kwenye ugali huo haziwezi kusogea. Joto linashuka, mnato unazidi kupanda, na mwisho atomu zinagandia palepale zilipokuwa, katika fujo ileile ya kimiminika. Obsidiani ni kimiminika kilichoshikwa kabla hakijajipanga.

Kuna sharti jingine ambalo watu wanalisahau, nalo ni gesi. Magma ya chini huwa na maji yaliyoyeyuka ndani yake. Ikipanda juu na shinikizo kupungua, maji hayo yanageuka mvuke, kama soda inapofunguliwa. Mvuke ukitoka kwa nguvu, magma inafumka na kugandia ikiwa povu. Hilo ndilo lile jiwe jepesi lenye vitundu ambalo watu husugulia nyayo. Mvuke ukipata njia ya kutoka taratibu, magma inabaki tulivu na kuganda ikiwa kioo, chenye maji chini ya asilimia moja. Jiwe la kusugulia nyayo na obsidiani vinaweza kutoka tumbo moja, hata mlipuko mmoja, vikaachana kwa sababu ya jinsi mvuke ulivyotoka.

Chukua kipande chembamba cha obsidiani, ukiinue juani. Katikati ni giza. Sogeza jicho mpaka kwenye ukingo, pale kinapokuwa chembamba kama karatasi, na utaona mwanga unapita: rangi ya chai ya mkandaa kwa baadhi ya vipande, kijani cha moshi kwa vingine. Weusi wote ule unatokana na chembechembe ndogo mno za madini ya chuma zilizotawanyika ndani ya kioo. Kwa sehemu kubwa, jiwe hili lenye sura ya usiku ni kioo tu.

Maji yanayojenga

Safari ya jiwe jeupe inaanza pale ambapo ya jiwe jeusi imekwisha. Majivu na lava za volkano zikikaa juani na mvuani, maji yanazila. Mvua ina ukali mdogo wa asidi. Chemchemi za moto zina nguvu zaidi, kwa kuwa maji ya moto yanayeyusha silika nyingi kuliko ya baridi. Wahandisi wa umeme wa mvuke wa Olkaria, ambako umeme umekuwa ukizalishwa tangu 1981, wanalijua jambo hili vizuri: maji ya visima yakipoa, silika iliyoyeyushwa huko chini inaganda ndani ya mabomba kama ukoko kwenye birika. Maji yasiyopita mabombani yanaingia mitoni, na mito inaingia ziwani, ikibeba silika iliyovunjwavunjwa mpaka jiko mojamoja, haionekani wala haina ladha.

Ziwani kuna anayeisubiri. Diatomu ni viumbe wa seli moja, jamaa ya mwani, wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea. Wako katika bahari, maziwa, mito, hata kwenye udongo wenye unyevu, na takriban moja ya tano ya oksijeni inayotengenezwa duniani kila mwaka ni kazi yao. Wengi wao ni wadogo kuliko unene wa unywele. Kinachowatofautisha na viumbe wengine wa aina yao ni nyumba: kila diatomu hujijengea gamba la silika, lenye vipande viwili vinavyoingiana kama sufuria na mfuniko wake.

Jinsi wanavyolijenga ni jambo ambalo kila nikilisoma tena linanisimamisha. Kiwanda cha vioo kinahitaji tanuri la zaidi ya nyuzi 1,000. Diatomu anatengeneza kioo chake kwenye maji ya kawaida ya ziwa. Anavuta silika iliyoyeyuka kupitia utando wa seli, anaikusanya kwenye kifuko ndani ya mwili wake, na humo protini maalumu zinaielekeza igande mahali gani na iache tundu mahali gani. Kwa saa chache gamba limekamilika, limetobolewa vitundu kwa safu na safu kama chujio la chai lililofumwa na fundi asiyekosea. Kuna vitundu ambavyo havionekani mpaka utumie hadubini ya elektroni.

Angalia sasa ajabu ya mambo. Kwa jicho la hadubini gamba lina mpangilio wa hali ya juu. Kwa kipimo cha atomu halina mpangilio wowote: yale majiko ya mafiga yameshikana ovyo, na maji kidogo yamebaki katikati yake, kama ilivyo katika jiwe la thamani liitwalo opali. Sababu yake ni kinyume cha ile ya obsidiani. Obsidiani ilikuwa na joto la kutosha lakini mnato ukaifunga miguu. Silika ya diatomu ina uhuru wa kusogea majini, lakini kwenye baridi ile kupangika kuwa kwatzi kunahitaji muda mrefu mno, na diatomu hawezi kungoja. Anahitaji ukuta leo. Anaukandika na silika inagandia ilivyo.

Diatomu akijigawa, kila mtoto anachukua nusu moja ya gamba la mzazi na kuifanya mfuniko, kisha anajijengea sufuria mpya ndani yake. Aliyerithi mfuniko anabaki na ukubwa wa mzazi. Aliyerithi sufuria anakuwa mdogo kidogo. Kizazi baada ya kizazi sehemu ya ukoo inapungua kimo, mpaka ifike hatua ambapo lazima wazaliane kwa njia ya jinsia ili waanze upya na maumbo makubwa. Hali ikiwa nzuri wanaweza kujigawa mara moja kwa siku. Fanya hesabu ya mara mbili, mara nne, mara nane kwa mwezi mmoja, utaelewa kwa nini ziwa zima linaweza kubadilika rangi.

Wakifa, nyama inaoza na gamba linazama. Hapo ndipo jiwe linapoanza, na ndipo mambo mengi yanapoweza kuliharibu. Mito ikileta tope jingi, magamba yanapotea ndani ya tope, na utapata udongo wa kawaida wenye diatomu kidogo. Maji yakiwa na magadi makali, silika inayeyuka tena, kwa hiyo magamba mengi hayafiki chini yakiwa mazima au hayadumu yakifika. Ili tabaka jeupe safi lijengeke, panahitajika ziwa lenye kina, maji yasiyo na magadi makali, tope kidogo, na silika inayoletwa bila kukoma.

Msomaji aliyewahi kuliona Ziwa Elementaita atashangaa hapa. Elementaita ya leo ni ziwa la magadi, fupi kina, maarufu kwa heroe wake, na tangu 2011 ni sehemu ya Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Si mahali pa kutengeneza diatomaiti nyeupe ya Kariandusi. Maana yake ni kwamba, karibu miaka milioni moja iliyopita, mahali hapo palikuwa na ziwa tofauti kabisa, refu kwenda chini na lenye maji baridi yasiyo na chumvi nyingi. Jiwe lenyewe ndilo shahidi. Wanasayansi wanaochunguza tabianchi ya kale wanasoma matabaka ya Bonde la Ufa kwa namna hiyohiyo: weupe wa diatomaiti ni enzi ya mvua nyingi, na mstari wa kijivu unaokatiza weupe huo ni siku ambayo volkano ilimwaga majivu juu ya ziwa. Baadaye ardhi ikakatika kwa nyufa, pande nyingine zikainuka, ziwa likatoweka, na mito ikachimba mpaka sakafu yake ya zamani ikawa ukuta wa bonde.

Haraka ipi, taratibu ipi

Ukimwuliza mtu tofauti ya asili ya mawe haya, jibu la haraka litakuwa: la moto linatengenezwa haraka, la maji linatengenezwa polepole. Si uongo, lakini limepita mbali na ukweli wenyewe. Gamba la diatomu linakamilika kwa saa chache, haraka kuliko mtiririko wa obsidiani unavyopoa. Kinachochukua muda ni mkusanyiko: meta moja ya diatomaiti inaweza kuhitaji karne nyingi, hata maelfu ya miaka, ya magamba kutua moja juu ya jingine. Na kwa upande wa pili, mtiririko wa obsidiani unaganda kwa miezi au miaka, ila magma yake ilikaa chini ya ardhi muda mrefu ikichaguliwa maharage yake. Moja lilitumia muda kujitayarisha na kugandia mara moja. Jingine liligandia mara mabilioni, kidogo kidogo, na kutumia muda kujirundika.

Tofauti hiyo ndiyo unayoishika mkononi. Obsidiani ni pande moja lisilo na chembe wala mishono, kwa hiyo ukiligonga, nguvu inasafiri ndani yake bila kupata njia ya kufuata, na linapasuka kwa mkunjo laini kama upande wa ndani wa kombe la chaza. Mikunjo miwili ikikutana, ukingo unakuwa mwembamba kuliko wa wembe wa chuma. Diatomaiti, kwa kuwa ni rundo la vyumba vitupu, sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Bonge kavu linaelea. Liguse kwa ncha ya ulimi na utahisi linanasa, kwa sababu linanyonya mate.

Watu wengi wanaoliona mara ya kwanza huliita chokaa. Njia rahisi ya kuyatofautisha ni limau. Dondosha tone juu ya jiwe la chokaa, litachemka viputo vidogo kwa sababu ya kaboneti iliyomo. Dondosha juu ya diatomaiti safi, tone litanyonywa kimyakimya na basi.

Utupu huo ndio unaouzwa. Diatomaiti inachuja bia, sukari na maji ya mabwawa ya kuogelea, kwani inaruhusu kimiminika kupita na kuzuia uchafu. Inachanganywa na nafaka ghalani ili kuua fukusi na dumuzi: unga wake unakwangua na kunyonya nta inayofunika mwili wa mdudu, naye anakauka. Mwaka 1867 Alfred Nobel alipata hataza ya baruti kali ya dinamiti, na siri yake ilikuwa kunywesha nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka kwa kutikiswa tu, ndani ya unga wa diatomaiti, kikatulia mpaka kilipowashwa kwa makusudi. Nami nasisitiza kwa wanaofanya kazi na unga huu: vumbi lake lisivutwe. Diatomaiti iliyochomwa viwandani hasa ni hatari, maana moto ule unabadilisha sehemu ya silika kuwa fuwele, na vumbi la silika ya fuwele linajeruhi mapafu bila kurudi nyuma.

Kila moja na cheti chake

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba mawe haya hayajasahau yalikozaliwa. Kila mlipuko wa rayolaiti una mchanganyiko wake wa elementi adimu, na kwa kuwa obsidiani iligandia bila kuchaguana tena, mchanganyiko huo umesambaa sawasawa katika kila kipande. Mtaalamu akikipiga kwa miale ya eksirei, anaweza kusema kimetoka kilima gani. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba obsidiani ya eneo la Naivasha ilifika katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Na huko Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi, watafiti walitangaza mwaka 2018 kuwa vipande vya obsidiani vya takriban miaka 300,000 iliyopita vilitoka kilomita 25 hadi 50 na zaidi. Olorgesailie haina obsidiani yake. Ina diatomaiti, tena nyingi, tabaka juu ya tabaka. Watu wale waliishi juu ya jiwe jeupe na wakaenda, au wakabadilishana na jirani, ili walipate jeusi.

Diatomaiti nayo inasomwa kwa hadubini. Kila aina ya diatomu ina umbo la gamba lake na maji inayoyapenda: wengine kina kirefu, wengine ufukweni penye majani, wengine magadi. Kijiko kimoja cha unga kinakupa historia ya ziwa zima: kina chake, chumvi yake, mwanga wake.

Hata hivyo hakuna kati yake lenye hali ya kudumu. Silika isiyo na fuwele siku zote inaelekea kwenye mpangilio, ikipewa muda. Kioo cha volkano polepole kinaota fuwele ndani yake. Ile obsidiani yenye madoa meupe mfano wa theluji inayouzwa kwa masonara imekamatwa katikati ya mabadiliko hayo, na ndiyo maana obsidiani ya zamani sana, ya mamia ya mamilioni ya miaka, ni adimu kuiona. Diatomaiti ikifukiwa chini sana na kupata joto, magamba yanayeyuka na kuganda upya, vyumba vinazibika, na mwisho linapatikana jiwe gumu la jamii ya gumegume, lililojaa kwatzi ya chembe ndogo. Huko mbele, baada ya muda mrefu, mawe yangu mawili yangeweza kuja kufanana.

Kwa sasa bado yanatofautiana, na kipimo kinachonipendeza ni bakuli la maji. Ukitumbukiza bonge jeupe, linaelea kidogo, linatoa viputo kwa sauti nyembamba kama ya mafuta yanayoanza kupata moto, kisha linashiba na kuzama. Jeusi linazama palepale, na ukilitoa unalifuta kwa kitambaa likabaki kavu. Lakini nalo hunywa. Tangu siku lilipopasuliwa, maji ya unyevu yamekuwa yakipenya usoni pake, polepole mno, yakiacha utando mwembamba ambao wanaakiolojia wanaukata na kuupima, ili kujua ni lini mkono wa mtu ulilipasua.